Taasisi ya familia kusaidia vijana, tunaanzia wapi?

Wakuu habari, ukoo wetu hapa Mbagala tunataka kufungua taasisi kwa jina la marehemu babu, isaidie vijana michezo, ushauri nasaha, hizi stresi za kukosa ajira. Tusajili wapi na hela tumwombe nani?

> Kama mali itashikwa na wadhamini nendeni RITA mkuu (wakala wa serikali unaosajili wadhamini), mkitaka NGO ni kwa Msajili wa NGOs.

> Fondation Botnar ya Uswisi nayo imetokana na hela ya familia, ndo wafadhili wa Tanga Yetu, ule mpango wa vijana jijini Tanga. Ila anzeni na hela zenu kwanza. Ile 4% ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vijana msiihesabu, ule mkopo, hauna riba ila unarudishwa.

> Mshauri awe kasomea jamani!! Mtaani kwetu jezi ziligawiwa fresh, mshauri tukamwona siku ya picha tu