Naomba ushauri: ndege wa mlango wa Sabaki, tuanzie wapi kisheria?

Wadau hamjambo. Mimi niko upande wa Mambrui, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, hapa mto Sabaki unapomwaga maji baharini. Tangu wiki iliyopita kuna malori yanaingia alfajiri kuchota mchanga na juzi nimekuta vigingi vimepigwa hadi kwenye matope yenyewe, mikoko midogo imekatwa, na pale ndege kama heroe na sululu wanapokula maji yakipwa sasa kuna alama za matairi tu. Nimekuta yai moja limepasuka kando ya njia ya lori, roho imeniuma sana.

Wenzetu wa hori ya Mida, kule Watamu, wana afadhali kwa sababu kule ni hifadhi ya bahari ya Watamu tangu 1968. Huku kwetu ni ndege wanaokuja kila mwaka wakitoka mbali, hadi Madagaska, na hakuna hata kibao.

Najua Katiba kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi na cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini hata kama wewe binafsi hujapata hasara. Sasa swali langu, nianze na barua NEMA (mamlaka ya mazingira ya taifa) kuuliza kama hao jamaa wana leseni ya mazingira, au niende KWS (shirika la wanyamapori) kwanza, au moja kwa moja mahakama ya mazingira na ardhi hapa Malindi? Wakili simuwezi, nina picha za simu tu zenye tarehe, zinatosha? Na wazee wa kijiji niwahusishe sasa au baadaye, maana wengine vijana wao ndio wanapakia huo mchanga. Aliyewahi kupitia hii njia anisaidie tafadhali, malori yanarudi kesho.