Norway na moshi wa meli za watalii: vimeli vidogo vimebanwa 2026, mameli makubwa yameongezewa muda mpaka 2032. Hii ni haki gani?

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, ila kila nilichoweka humu nakisimamia. Atakayechoka njiani anisamehe.

Naishi magharibi mwa Norway, na kiangazi naendesha mabasi ya watalii upande wa Geiranger. Kwa wasiopajua, Geiranger ni kijiji cha watu mia mbili na ushee kilichojibanza mwisho wa fyodi, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia bara katikati ya milima iliyosimama wima. Fyodi yenyewe ina urefu wa kilomita 15 hivi. Maji yanaporomoka kutoka juu ya miamba mpaka baharini, na maporomoko yanayojulikana kuliko yote ni yale wanayoyaita Dada Saba. Mwaka 2005 UNESCO waliiingiza Geirangerfjord, pamoja na mwenzake Nærøyfjord, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sijawahi kuona mahali pazuri kama hapa, na sisemi hivyo kwa kusifia ugenini.

Sasa kijiji hicho cha watu mia mbili, siku ambayo meli mbili tatu zimekutana, kinapokea maelfu ya watu kabla hata saa nne asubuhi haijafika. Kuna gati la kuelea lilianza kutumika 2013, abiria wanatembea juu yake moja kwa moja mpaka nchi kavu. Meli zisizopata nafasi pale zinatia nanga katikati ya fyodi na kushusha watu kwa boti. Barabara ni moja, namba 63. Upande mmoja inapanda Ørnevegen, kona kali kumi na moja juu ya ukingo wa mlima. Upande wa pili inapanda kuelekea Dalsnibba, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ratiba za meli zinafanana, zinafika asubuhi na kung'oa nanga jioni, kwa hiyo mabasi yote yanapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja. Kiangazi kilichopita nilikwama katikati ya zile kona, mabasi mawili yamekabana mbele yangu, nyuma gari la wagonjwa linawaka taa na hakuna hata upenyo wa kuliachia. Dereva wa lile gari alishuka akaanza kupanga magari kwa mikono. Kampuni niliyokuwa naiendeshea jioni ile iliniuliza swali moja tu: kwa nini abiria walichelewa kurudi melini.

Hata hivyo, msongamano peke yake usingenifanya nifungue uzi. Kilichonichoma ni ahadi.

Mei 2018 Bunge la Norway lilipitisha azimio kwamba meli za kitalii na vivuko vinavyoingia kwenye fyodi za Urithi wa Dunia visitoe moshi hata kidogo, mapema iwezekanavyo kadiri teknolojia itakavyoruhusu, na isizidi mwaka 2026. Dunia nzima ilipiga makofi. Magazeti yaliandika kwamba fyodi hizi zitakuwa eneo la kwanza la bahari duniani lisilo na moshi wa meli. Miaka minane ilitolewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule anajua kusoma na kuandika.

Miaka ikaenda, na 2024 serikali ikatangaza kwamba sharti la 2026 litazihusu meli zilizo chini ya tani 10,000 tu (tani hizi hupima nafasi ya ndani ya meli, si uzito). Zilizo juu ya hapo zimepewa mpaka 2032.

Hebu tulieni hapo kidogo, wakuu. Meli zilizo chini ya tani 10,000 ni zipi? Ni boti za kuzungusha watalii, vivuko, vimeli vidogo vya safari za kitafiti na utalii. Hao ndio wengi wao walishaanza kubadilika kabla hawajalazimishwa! Nærøyfjord ina boti ya watalii inayotembea kwa umeme mtupu tangu 2018, inaitwa Future of the Fjords. Kivuko cha kwanza cha magari kinachotumia betri, Ampere, kilianza kazi hukuhuku kwenye Sognefjord mwaka 2015. Wenye boti walikopa benki, wakanunua betri, wakavuta umeme mpaka gatini, kwa kuamini kwamba sheria inakuja kwa wote. Halafu lile lenye tani 180,000 na abiria 5,000, ambalo likipita Dada Saba huwezi kuyaona maporomoko yenyewe, linaambiwa lipumzike kwanza miaka sita mingine. Mdogo kalipa, mkubwa kasamehewa. Hili linaniuma kuliko ile foleni.

Hoja waliyoitoa ni kwamba teknolojia ya kuendesha meli kubwa bila moshi haijakomaa. Nakubali kwamba huwezi kuchukua meli ya tani laki moja na ushee ukaipachika betri kesho asubuhi. Lakini Juni 2022 meli Havila Castor, yenye tani zaidi ya 15,000, iliingia Geirangerfjord kwa betri peke yake, bila moshi na bila mngurumo wa injini. Betri zake zinaweza kuisukuma kama saa nne, muda unaotosha kuingia na kutoka. Yaani meli iliyo JUU ya kile kikomo cha tani 10,000 ilishafanya kazi ambayo serikali inasema wa ukubwa ule hawawezi kuifanya kabla ya 2032. Kwa nini mstari haukuchorwa hata kwenye tani 20,000? Sijaona mtu akilijibu swali hilo.

Na meli isiyoweza kuingia bila kutoa moshi, ni nani kasema lazima iingie? Ålesund ni mji wa bandari, una gati na una barabara. Ifunge pale, abiria wapande boti za umeme waje kuiona fyodi wakiwa karibu na maji, wasikie maporomoko badala ya spika za melini. Vijana wa huku wangepata kazi za unahodha na ubaharia. Wenye meli hawataki mpango wa namna hii kwa sababu wanachouza ni ile picha ya meli yao katikati ya milima.

Kuhusu moshi wenyewe niseme machache, maana wengine mtasema bahari ni kubwa, upepo utaupeleka. Hapa hakuna bahari kubwa. Milima ya pande zote mbili ni mirefu kuliko kimo cha meli mara nyingi, na siku tulivu za jua hewa ya baridi inakaa chini, ya joto inaifunika juu kama kifuniko cha sufuria. Moshi hauna pa kutokea. Ukisimama juu Flydalsjuvet, genge la kutazamia fyodi, unaona utando wa bluu umetanda juu ya maji mpaka mchana. Jirani yangu mwenye pumu anafunga madirisha siku za meli, katika nchi ambayo watu wanakuja kwa ndege kufuata hewa safi.

Siwezi kusema hawajafanya lolote. Kanuni za 2019 zilibana salfa kwenye mafuta, zikapiga marufuku kumwaga maji ya vyoo na ya mabafu ndani ya fyodi, zikakataza ile mitambo ya kuosha moshi kisha kumwaga maji machafu baharini, na oksidi za nitrojeni zikawekewa ngazi za 2020, 2022 na 2025. Hatua hizo zilisaidia na wanastahili sifa. Ndiyo maana kurudi nyuma kwa 2024 kunaumiza zaidi, kwa sababu walishaonyesha kwamba sheria ikiwa kali, meli zinatii na zinaendelea kuja.

Halafu kuna hizi meli mpya za gesi asilia iliyopoozwa ikawa kimiminika. Zinatangazwa kama ndiyo suluhisho. Salfa na masizi vinapungua kweli, lakini sehemu ya methani inapita kwenye injini bila kuungua na kutoka hewani, na methani kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto dunia karibu mara 80 ya kaboni dioksidi. Kumwita huyo msafi ni kuwadanganya abiria waliolipa.

Na hata moshi ukiisha kabisa, watu je? Meli ya umeme yenye watu 5,000 bado inamwaga watu 5,000 kwenye kijiji cha watu mia mbili. Vyoo ni vilevile, barabara ni ileile 63, na wenyeji bado wanakuta wageni wanapiga picha kwenye madirisha yao ya jikoni. Sharti la moshi halihesabu vichwa, na hakuna anayetaka kulizungumza hilo. Wanapenda mjadala wa mafuta kwa sababu unaishia kwa mainjinia. Mjadala wa idadi unaishia kwenye tiketi zilizouzwa.

Msiniambie haiwezekani, kwa sababu Norway hiihii inafanya hivyo Svalbard, visiwa vyake vya kaskazini kabisa kwenye barafu. Tangu Januari 2025, meli haiwezi kuingia maeneo yanayolindwa kule ikiwa na abiria zaidi ya 200. Mafuta mazito walishayapiga marufuku kule 2022. Kwa hiyo kuhesabu wanajua, wakitaka. Kwa dubu mweupe wamehesabu.

Wengine nao wamehesabu. Dubrovnik kule Kroatia walikubaliana na makampuni meli mbili kwa siku. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, wameweka abiria 8,000 wa meli kwa siku. Juneau kule Alaska, kuanzia 2026, ni vitanda 16,000 kwa siku na 12,000 Jumamosi, idadi ambayo kwangu bado ni kubwa mno, lakini angalau imeandikwa. Venice ilizitoa meli zaidi ya tani 25,000 kwenye mfereji wa Giudecca Agosti 2021 baada ya miaka ya maandamano. Na kuna Key West, Florida: wananchi walipiga kura 2020 kupunguza meli kubwa na abiria, wakashinda, mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kuifuta kura yao. Nikiisoma ile habari napata picha kamili ya nguvu tunayopambana nayo.

Najua wapo wenyeji wa huku waliotaka muda uongezwe, wenye maduka, wenye mabasi, hata halmashauri zenyewe zinazotegemea ada za bandari. Siwalaumu, mtu anatetea ugali wake. Ila nawaona abiria kila siku: wamekunywa chai melini, watakula chakula cha jioni melini, ziara yangu wameinunua melini na meli imekata chake kwanza. Kijijini ananunua sumaku ya friji na aiskrimu. Mtalii mmoja anayelala hotelini siku mbili anaacha hela kuliko kundi zima la hao.

NYONGEZA: nimesoma majibu ya mwanzo, najibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema "mbeba maboksi, mambo ya Wazungu yanakuhusu nini", yananihusu kwa sababu nalipa kodi hapa, wanangu wanasoma hapa, na ile hewa wanaivuta wao. Kazi ya kuendesha basi siioni aibu.

Uliyesema nitakosa kazi meli zikipungua: inawezekana. Niko tayari kuendesha basi lenye watu ishirini wanaokaa wiki nzima, kuliko mabasi yaliyofuatana kukimbizana na saa ya meli.

Dada uliyeuliza kuhusu kwetu, hilo nilikuwa nalifikia. Mji Mkongwe uko kwenye orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu 2000, Lamu tangu 2001. Bandari ya Malindi, Unguja, imeshikana na Mji Mkongwe ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake basi halipiti kabisa. Mombasa wameshajenga jengo la abiria wa meli za kitalii bandarini. Meli hizi zinakuja, na zikianza kuwekewa vikomo Ulaya zitatafuta pa kwenda. Huku tulisubiri mpaka kijiji kimezoea hela ndipo tukaanza kujadili idadi, na sasa kila anayetaja namba anaonekana adui wa ajira.

Kwa hiyo naomba mwenye ndugu au rafiki anayefanya kazi bandarini Zanzibar, Mombasa au Lamu aulize mambo mawili, atuletee majibu humu: kuna kikomo chochote kilichoandikwa cha abiria wa meli kwa siku, na maji machafu ya meli ikiwa gatini yanakwenda wapi?