Mkorogo umeniachia madoa, niongeze dozi?

Mama Samaki, Kadutu, Bukavu: Jamani, nauza dagaa wa sambaza juani. Nimepaka mkorogo miaka mitano, mwanzoni uso uling'aa. Sasa mashavu yana weusi wa kibuluu, kama masizi ya sufuria. Niongeze?

Yaya Neema: Usithubutu, mdogo wangu! Haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi inayotiwa kwenye mkorogo, ikipakwa muda mrefu ndiyo inaleta weusi huo.

Muuguzi wa Ibanda: Tyubu imeandikwa klobetasoli, ile dawa kali ya steroidi ya kupaka? Basi usiache ghafla, uso utawaka. Daktari wa ngozi atakupunguzia polepole. Paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 (kiwango cha kinga) kila baada ya saa mbili, na kofia pana.

Mama Samaki: Kofia ninayo. Tyubu sina, walinipimia kwenye kikopo cha siagi.

Muuguzi wa Ibanda: Mama! Nenda nacho kwa daktari hivyo hivyo.