Tangazo la sikukuu kwa duka la vitabu Dodoma: lijengwe vipi, na kitabu gani kitajwe?

Mwenye Duka, Makole

Wakuu, habari za jioni. Tuna duka dogo la vitabu jirani na Nyerere Square. Tunataka tangazo la redio la sekunde 30 kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, na kipande cha video cha kuweka stetasi ya WhatsApp. Rasimu iliyopo inasema: “Sikukuu ndiyo hiyo! Tunakuletea vitabu vya kila aina kwa bei poa, wahi sasa kabla havijaisha, piga simu namba…” Ukitoa neno vitabu ukaweka magodoro, tangazo linabaki lile lile. Hapo ndipo tunapokwama.

Naomba msaada: tangazo gani la sikukuu mnalipenda, na limejengwaje? Katika mnavyosoma siku hizi, kitabu gani kingefaa kutajwa? Na je, kurekodi kwa simu kunatosha?

Sauti ya Kati

Karibu mkuu. Anza na kipimo. Wengi huhesabu maneno, lakini maneno yetu hayalingani urefu, hivyo hesabu silabi. Msomaji asiyekimbizwa hutoa silabi 5 hadi 6 kwa sekunde. Ukitenga sekunde 8 hadi 10 za milio na kimya, unabaki na silabi 110 hadi 120 hivi. Rasimu nyingi zinazoletwa studio zina 200 na zaidi, ndiyo maana mtangazaji anasoma kama anafukuzwa na msikilizaji hashiki kitu.

Namba ya simu ndiyo inayokula muda. Tarakimu 10 ni silabi zaidi ya 20. Isome mara mbili, tena polepole ili ieleweke, sekunde 10 zimekwenda. Na mtu yuko kwenye bajaji au anaosha vyombo, kalamu hana. Taja alama moja ya mahali anayoifahamu, namba ibaki kwenye stetasi.

Jaribu mfano huu:

(Matone yanadondoka kwenye ndoo, kisha mvua juu ya bati.)
MTOTO: Bibi, mvua haiishi leo.
BIBI: Basi nisomee. Tuliishia wapi?
MTOTO: Pale fisi anapogonga mlango.
BIBI: Enhe! Akasemaje?
(Ukurasa unafunuliwa.)
MSIMULIZI: Sikukuu hii, mpe mtu wako kitabu. Vya watoto, vya watu wazima, vya herufi kubwa kwa wazee. Tupo jirani na Nyerere Square, mpaka saa mbili usiku.
MTOTO: Bibi, umelala?
BIBI: Nani kalala? Soma!

Hapo silabi ni kama 110. Zikisomwa kwa mwendo wa kawaida ni sekunde 20, na sekunde 10 zinabaki kwa mvua, ukurasa na kimya kifupi kabla ya “Nani kalala?” Kimya hicho usikikate hata mhariri akikwambia muda umebana. Ndicho kinachomfanya msikilizaji asubiri jibu la bibi.

Mvua nimeichagua kwa sababu Desemba ya Dodoma ni masika yetu, watu wako shambani wanapanda mtama na uwele, na jioni wako ndani. Lakini mvua peke yake kwenye redio ndogo husikika kama stesheni imepotea masafa. Ndiyo maana matone kwenye ndoo yanatangulia: sikio likishajua ni maji, bati linaeleweka. Mvua irekodiwe kivyake, kisha ishushwe baada ya sekunde 2, kwa sababu kelele ya bati hufunika herufi s, f na sh, na “sikukuu” inageuka kitu kingine.

Simu inatosha kabisa. Rekodi kwenye chumba chenye kitanda na mapazia, tundika blanketi zito nyuma ya msomaji, funga feni na friji. Simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo na si mbele moja kwa moja, ili pumzi za p na b zisipige kipaza sauti. Zima mtandao, ujumbe ukiingia katikati unaharibu. Omba redio ikueleze inataka faili la namna gani. Ukiwa na uchaguzi, peleka WAV, faili la sauti lisilobanwa, na usipitishe rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani hubanwa na kupoteza uang’avu.

Mtoto ashike kitabu cha kweli mkononi na asome. Akikariri, sauti inapanda na kushuka kama shairi la mahafali. Na bibi awe mtu mzima kweli, kijana akiiga uzee masikio yanajua mara moja.

Ukitaka muziki, uwe chini ya sauti ya mtu kwa desibeli 15 hivi. Wimbo wa msanii bila ruhusa ni kesi ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hata nyimbo za kale za Krismasi, ambazo utunzi wake hauna tena mwenye haki, zina rekodi zenye wenyewe. Ukihitaji, mwombe mpiga kinanda wa kwaya akurekodie upya, na mwandikishane.

Area D Mtazamaji

Kuhusu matangazo ya kuigwa, mimi naweka mbele la Sainsbury’s, maduka makubwa ya vyakula ya Uingereza, mwaka 2015, kwa sababu limejengwa juu ya kitabu. Mwandishi Judith Kerr alikuwa na mfululizo wake wa vitabu wa paka aitwaye Mog tangu 1970, na kwa tangazo hilo akaandika hadithi mpya. Paka anasababisha moto ndani ya nyumba usiku wa kuamkia Krismasi, chakula chote kinaharibika, majirani wanakuja kila mmoja na alichonacho, na sikukuu inaliwa pamoja. Hadithi hiyo ikauzwa madukani kama kitabu, mapato yakaenda shirika la Save the Children kusaidia watoto kujifunza kusoma. Ukiangalia vizuri, anayetokea kama mmoja wa majirani ni Kerr mwenyewe. Alikuwa na miaka 92.

Uzuri wake ni kwamba aliyependa tangazo alikuwa na kitu cha kununua ambacho ndicho tangazo lenyewe. Lakini mkuu, usijaribu kuliiga kwa urefu. Lile linazidi dakika 3, lina nafasi ya kuharibu nyumba na kuijenga. Wewe una sekunde 30, chukua tukio moja tu. Mfano wa mkuu hapo juu umefanya hivyo, na ukimtaja fisi basi hakikisha kitabu chenye fisi kiko rafuni, kwa sababu watu watakuja kukiulizia.

La pili ni la John Lewis, duka jingine la Uingereza, 2011. Mtoto anahesabu siku bila subira, unadhani anataka zawadi zake. Asubuhi ya Krismasi anazipita, anakwenda kuwapa wazazi boksi alilolifunga vibaya kwa mikono yake. Kila sekunde iliyotangulia inabadilika maana. Tena duka halikutaja bei hata moja.

Coca-Cola nao wana malori yao ya taa tangu 1995. Kinachonivutia pale ni uvumilivu wa kurudia: mlio ule ule kila mwaka, watu wakiusikia wanajua msimu umefika. Kwa duka dogo hilo ni jambo la bure. Shikeni “Nani kalala? Soma!” miaka mitano mfululizo, msibadilishe kwa sababu nyinyi wenyewe mmeichoka. Msikilizaji hachoki haraka kama mwenye tangazo.

Na tafadhali, theluji isionekane kwenye stetasi.

Msomaji wa Kikuyu, Dodoma

Nitajibu la vitabu. Kwa mtu mzima, nampigia debe Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, kimetolewa na Mkuki na Nyota. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba, kumbe ni rehani ya deni la baba yake, kisha anaingia kwenye misafara ya biashara ya bara. Kwa msomaji wa huku kati kina uzito wake: misafara ya karne ya 19 ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipate maji na kupita. Kukisoma ukiwa Mpwapwa au Kilimatinde ni tofauti na kukisoma Upanga, Dar. Tafsiri inatiririka, na mazungumzo yamerudi kwenye lugha ambayo watu wale wangezungumza.

Wanaopenda mapenzi na siasa wapewe Vuta N’kuvute cha Adam Shafi. Yasmin anaozwa kwa mzee Raza, anatoroka, na Unguja ya wakoloni inachemka pembeni. Ila hapa kuna mtego. Kitabu hicho kimesomeshwa kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, kama Takadini na Watoto wa Mama Ntilie kwa madarasa ya chini. Ukikitaja kwenye tangazo la Krismasi, nusu ya wasikilizaji wanakumbuka maswali ya insha. Viweke dirishani Januari, shule zikifunguliwa, vitauzika bila tangazo.

Kwa wazee usiishie kusema “herufi kubwa”. Pima. Pointi 14 ni mwanzo, 16 ndiyo raha, karatasi isiwe ile inayong’aa chini ya taa. Kama huna vya namna hiyo, mstari huo utoe kwenye tangazo.

Mwenye Duka, Makole

Asanteni sana wakuu. Fisi tunaye, herufi kubwa zipo vitabu vichache, nitaongeza. Bajeti ni kurusha mara 30. Nizigawe vipi? Na Idd je, tunaweza kutumia tangazo hilo hilo?

Sauti ya Kati

Usizitawanye mwezi mzima. Wafanyakazi wengi na wanafunzi wa vyuo hufunga safari kwenda kwao mapema, na tangu treni ya SGR ianze 2024, kufika Dar ni chini ya saa 4, hivyo mtu anaondoka Ijumaa akitoka kazini. Weka mara 5 kwa siku, siku 6, uwe umemaliza kufikia tarehe 20 Desemba. Omba saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 11 hadi saa 1 jioni. Dai ratiba ya maandishi, na mtu wenu asikilize, kwa sababu tangazo lililorukwa halirudishwi usipoonyesha saa.

Stetasi: video ya kusimama, pikseli 1080 kwa 1920. Maneno yakae katikati, juu jina linafunika na chini kuna sehemu ya kujibu. Herufi ziwe nene, nyembamba zinavurugika video ikibanwa. Wengi hutazama bila sauti, basi maneno ya bibi na mtoto yaandikwe.

Idd, ndiyo, mazungumzo yabaki. Msimulizi arekodi leo leo “Idd hii, mpe mtu wako kitabu”, sauti na chumba vilingane. Tarehe asiitaje, mwezi ukiandama usiku redio itakuwa imeshapanga matangazo ya kesho.