Mrejesho: biashara ya kuandaa harusi za wapenzi wa jinsia moja, Cape Town

Niliwauliza iwapo nianze na matangazo au nitafute kwanza wapishi, wapiga picha na wafungishaji ndoa wasiosita kuwahudumia wateja wangu. Wengi mlishauri la pili, nami nimelifuata. Ndoa hizi ni halali Afrika Kusini tangu 2006, na marekebisho ya 2020 yalifuta kifungu kilichowaruhusu wafungishaji ndoa wa serikali kukataa kwa sababu ya dhamiri. Ukumbi mmoja ulijibu kwamba tarehe zote zimejaa, jibu ambalo, kusema kweli, nililitarajia. Wateja wengi wanatoka ng'ambo, na kinachowachelewesha si maua wala keki, bali hati ya kuthibitisha kwamba hawamo katika ndoa nyingine; sasa naidai kabla ya kupokea arabuni.