MREJESHO: Matumbawe yangu yaliyokuwa yanabanduka nyama
Wakuu, habari za Uyole ni baridi tu. Mwezi wa sita niliuliza kwa nini matumbawe yangu magumu yanabanduka nyama kuanzia chini na kubaki mfupa mweupe, wakati maji ya tangi langu la nyumbani la maji chumvi, la lita 200, yanang'aa kama ya chupa. Wengi mlisema chumvi. Mmoja akaniambia, "Dada, pima alkali kwanza."

Nikapima: 5.6 dKH (dKH ni kipimo cha alkali, yaani kiasi cha kabonati kilichoyeyuka kwenye maji). Ilitakiwa iwe 8 hivi! Chumvi ilikuwa sawa kabisa, gramu 35 kwa kilo ya maji. Kumbe matumbawe yakikua yanakula alkali na kalsiamu kujengea mifupa, na maji mapya ndiyo yanayoyarudisha, lakini mimi nabadilisha maji mara moja tu kwa mwezi nikijiona mtaalamu.

Dawa ilikuwa bekin soda ya dukani (siyo bekin pauda, ile imechanganywa na vitu vingine). Kwa tangi langu, gramu 6 zinapandisha dKH 1, na sikuzidisha hapo kwa siku. Nayeyusha kwenye maji yaliyochujwa, namimina taratibu karibu na pampu. Sasa ipo 8.1, napima kila Jumamosi.

Baridi nayo ilichangia, alfajiri maji yalishuka hadi nyuzi 21. Nimeongeza hita ya pili, na usiku tangi linavishwa blanketi. Mume wangu anasema samaki wanalala vizuri kuliko yeye.

Tawi moja limekufa. Ila jana, kwenye ukingo wa lile la kijani, nimeona ngozi mpya, nyembamba kama utando wa maziwa, inapanda juu ya mfupa.