Mwanangu ana ADHD na anachonga vinyago. Dawa itamuondolea kipaji?

Mama_wa_Chikongola:
Wanajamvi, salaam. Naandika kutoka Mtwara mjini. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mwanangu wa pili ana miaka 11, yupo darasa la tano. Tangu chekechea hatulii. Madaftari yanapotea, somo likianza macho yapo dirishani, na ukimtuma chumvi anarudi na kandambili iliyokatika aliyoiokota njiani kwa sababu ameona gurudumu la gari ndani yake. Chumvi kasahau. Shuleni amechapwa sana. Mwezi uliopita tulimpeleka Dar. Daktari alimwona mara mbili, akatuhoji sisi wazazi, akataka na barua ya mwalimu, kisha akasema ni ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuelekeza umakini. Anashauri dawa, pamoja na kutufundisha sisi namna ya kuishi naye.

Sasa upande wa pili. Baba yangu yupo Newala, ni mchongaji. Likizo mtoto huenda kwake, na akipewa kipande cha mpingo kilichobaki, huyu huyu asiyekaa dakika tano anakaa tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Anachonga watu waliobebana kama vinyago vya ujamaa anavyochonga babu yake, ila wa kwake wanapitana mikono kwa namna ambayo baba anasema hakumfundisha mtu. Lakini chini ya kitanda chake nimehesabu vinyago 14, na hakuna hata kimoja kilichokwisha. Kuna mzee mzuri mno, uso umekamilika mpaka mikunjo, miguu hana.

Majirani wananiambia dawa itamfanya zezeta. Mitandaoni nasoma ADHD ni zawadi, kwamba ubunifu wote unatoka humo, ukiitibu umeua. Baba anataka nimwache Newala achonge tu, shule basi. Na juzi usiku mtoto mwenyewe kaniuliza: "Mama, nikinywa dawa nitaendelea kuwaona watu ndani ya mti?"

Sikuwa na jibu. Naombeni ushauri.

Korosho_Tandahimba:
Dada, hayo ni mambo ya wazungu. Sisi tulikuwa watundu hivyo hivyo, fimbo zikatunyoosha. Mpe kazi za shamba, atatulia.

Mama_wa_Chikongola:
Kaka yangu, fimbo kapigwa miaka mitano. Angekuwa wa kunyooka kwa fimbo, leo nisingeandika hapa. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajiita mjinga.

Nesi_wa_Kusini:
Pole sana mama. Nimefanya kazi kliniki ya afya ya akili miaka mingi, naomba nikujibu kwa utulivu.

Kwanza, ADHD si ulezi mbaya. Inarithiwa kwa kiasi kikubwa, na madaktari wameielezea tangu zamani. George Still alitoa mihadhara London mwaka 1902 kuhusu watoto wa namna hii. Ili mtoto aambiwe anayo, dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na shuleni. Ndiyo maana daktari wako alitaka barua ya mwalimu. Hiyo ni dalili njema kwamba hakukurupuka. Kama hajapimwa masikio na macho, omba apimwe. Uliza pia kuhusu kifafa kile cha kupotewa sekunde chache bila kuanguka, maana mtoto huonekana kama anaota mchana.

Kuhusu kukaa na mpingo tangu asubuhi mpaka adhuhuri: hilo halipingani na ADHD hata kidogo. Tatizo lao ni kuuelekeza umakini pale unapotakiwa. Kitu kikiwavutia huzama mpaka wasahau kula.

Kuhusu dawa: ikiwa ni methilifenidati ya kawaida, dawa inayotumika sana kwa ADHD, kidonge hufanya kazi kwa muda wa takriban saa 4, kisha huisha mwilini. Anayemeza asubuhi kwa ajili ya darasa, jioni anakuwa yule yule. Madhara yapo na uyafuatilie: hamu ya kula kupungua, usingizi kusumbua, uzito, mapigo ya moyo na presha. Mtoto akionekana kapoa kama kazimwa, mara nyingi dozi ni kubwa au dawa haimfai. Rudi kwa daktari, usivumilie na usiikatishe kimya kimya.

Pwani_ya_Mikindani:
Hili la ADHD na ubunifu nililisoma chuoni, nikupe nilichonacho.

Mwaka 2006 watafiti wawili Marekani, Holly White na Priti Shah, waliwapima wanafunzi wa chuo wenye ADHD na wasio nayo. Kwenye kubuni matumizi mengi ya kitu kimoja, wenye ADHD waliwashinda wenzao. Kwenye kutafuta neno moja linalounganisha maneno matatu, kazi ya kubana mawazo mpaka yafike mahali pamoja, walishindwa wao. Sasa fikiria vile vinyago 14. Mimi naona ndicho hicho.

Lakini mwaka 2020 Martine Hoogman na wenzake walipitia tafiti 31 kwa pamoja. Wingi wa mawazo ulionekana zaidi kwa watu wenye dalili kiasi, wasiofikia kiwango cha ugonjwa. Kwa wenye ADHD kamili picha haikuwa wazi hivyo. Na swali lako hasa: hawakukuta kwamba dawa, kwa ujumla, zinapunguza ubunifu. Kwa hiyo maneno ya "zawadi" yana ukweli ndani yake, ila yamevutwa kupita urefu wake. Na mwenye kuyaandika hatakaa na mwanao usiku anapolia kwa sababu ya shule.

FundiMabango_Lindi:
Mama, mimi nina ADHD. Nachora mabango na kuta za maduka hapa Lindi. Niligunduliwa nikiwa na miaka 31.

Kabla ya hapo mawazo yalikuwa mengi, nilikuwa naamka usiku kuchora. Lakini nilipokea malipo ya awali kwa watu watano, nikaanza kazi zote tano, nikamaliza moja. Nimegombana na watu ninaowaheshimu. Mmoja alinifuata nyumbani, maana dukani kwake samaki niliyemchora alikaa kichwa tu miezi minne. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nikifika pale pa kujaza rangi, pasipo na jipya, mkono unakuwa mzito kama umefungwa jiwe.

Nilipoanza dawa nilikuwa na hofu ile ile ya mwanao. Wiki mbili za kwanza nilijisikia mkavu, sitaficha. Daktari akapunguza dozi. Baadaye nilimrudia yule samaki, nikammalizia magamba moja moja. Picha bado zinakuja kichwani. Mpaka leo siku nyingine nachora michoro ya kwanza kabla ya kumeza kidonge, halafu najaza rangi baada yake. Ni utaratibu wangu, simwamrishi mtu.

Usimtoe shule. Mchongaji anahitaji kupima, kuandikiana na mteja, kuhesabu gharama ya mti. Nilijifunza hayo kwa hasara.

Mwalimu_Masasi:
Mama, zungumza na mwalimu wa darasa ana kwa ana. Akae mbele, mbali na dirisha. Apewe agizo moja, akilitimiza ndipo la pili. Mimi ninaye mmoja, yeye ndiye hugawa madaftari na kufuta ubao, basi anapata sababu halali ya kusimama. Babu naye anaweza kusaidia sana: asimpe kipande kipya mpaka cha zamani kipigwe msasa.

Mama_wa_Chikongola:
Mmenitoa machozi. Ahsanteni nyote, na wewe kaka wa Tandahimba pia.

Nimempigia baba, nimemsomea maneno ya fundi wa Lindi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hata yeye ana vipande viwili alivyoviacha tangu kabla sijaolewa. Amekubali shule iendelee na likizo ziwe zake.

Mtoto nimemwambia ukweli: tutajaribu, na siku akiona watu wameondoka kwenye mti aniambie siku hiyo hiyo, tutarudi kwa daktari. Akauliza kama daktari amewahi kuona kinyago. Alhamisi tunapanda basi la alfajiri. Ameshamfunga kwenye kitenge yule mzee asiye na miguu, anasema atamkabidhi daktari amshike.